Mbwa wa Kijerumani, chotara au wa kienyeji: watoto watatu na mama zao

Shemeji yangu wa Chumbageni, hapa Tanga, aliibiwa pampu ya kisima usiku wa Ijumaa. Jumamosi mchana alishaamua kwamba anataka mbwa wa ulinzi, na kufika magharibi simu yake ilikuwa imejaa picha za watoto watatu. Zote akanirushia mimi.

Wa kwanza ni German Shepherd, yule tunayemwita mbwa wa Kijerumani au mbwa wa polisi. Yuko Dar es Salaam, ana wiki sita, anapakiwa kwenye basi na cheti chake. Wa pili ni chotara wa Sahare, baba German Shepherd na mama Boerboel, yale madude makubwa ya Afrika Kusini. Wa tatu ni jike la kienyeji aliyezaliwa Pongwe, pembeni ya zizi la ng'ombe la mzee ninayemfahamu, na bei yake ni mfuko wa pumba.

"Nichukue yupi, shemeji?"

Nikamjibu kwamba kwenye picha zote sijamwona mama hata mmoja. Twende kwanza tukawaone mama, ndipo tuzungumze habari za watoto.

Ninalisema hilo kwa sababu ya Simba, mbwa wangu wa Kijerumani. Nilimnunua kwa laki nne, akiwa na masikio bado yamelala na miguu minene kama ya mwana simba kweli. Alipofika miezi minane nikaona kitu asubuhi moja wakati anapanda ngazi za barazani: miguu ya nyuma inaruka yote miwili kwa pamoja, kama sungura. Akikaa, hakai sawa, anaegemea ubavu mmoja na kuitupa miguu upande. Nikadhani ameteguka, nikawa namkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Daktari wa mifugo alipokuja alimchoma sindano ya usingizi, akamlaza chali, akashika paja, akalisukuma kuelekea nyonga, kisha akalipanua taratibu kwenda nje. "Weka kiganja chako hapa," akaniambia. Nikahisi chini ya ngozi kitu kinagota, tok, kichwa cha mfupa kikirudi kwenye kikombe chake baada ya kuteleza nje. Upande wa pili, tok tena. Picha ya eksirei ilikuja kuthibitisha tu kile kiganja changu kilichokwishajua.

Nilipompigia aliyeniuzia, hakukasirika hata kidogo. Alinieleza kwa fahari kwamba baba na mama wa Simba ni ndugu wa tumbo moja, "ndiyo maana damu yake ni safi."

Neno hilo la damu safi limenikaa kooni mpaka leo, hasa kwa kuwa sisi ni watu wa Tanga. Mji huu umejengeka kwa maziwa. Mtu akikuuzia mtamba hapa, jambo la kwanza unauliza ni dume gani. Ng'ombe aliyehimilishwa, yaani aliyetiwa mbegu kwa mrija, ana kumbukumbu yenye namba ya dume, na mfugaji anayejua kazi yake hakubali dume limpande mtamba lililomzaa lenyewe, kwa sababu ameshaona ndama dhaifu na maziwa yanayoshuka. Maarifa hayo tunayo. Tukienda kununua mbwa tunayaacha zizini, tunauliza masikio yamesimama au bado.

Wa Kijerumani

Nianze na sifa zake, maana anazo. Anafundishika upesi, ana nguvu, na mwizi akimwona tu getini anatafuta nyumba nyingine. Kwa kazi ya ulinzi wa uzio, akiwa mzima wa mwili na akili, wenzake wawili hawamfikii.

Tatizo liko kwenye ukoo. Aina hii ilianza kuandikwa Ujerumani mwaka 1899, Max von Stephanitz alipomnunua dume aitwaye Horand na kumwandika namba 1 kwenye daftari la ukoo. Baada ya muda mlango ukafungwa: wa ndani wanazaana na wa ndani, na madume machache yaliyopendeza yanatumika mno. Kila kilichokuwa kimejificha kwa wale wa mwanzo kimeendelea kuzunguka.

Magonjwa matatu mnunuzi wa Tanga ayajue. La kwanza ni nyonga kulegea, lile la Simba. Mtoto anazaliwa akionekana mzima, tatizo linajengeka anavyokua. La pili ni kupooza kwa uti wa mgongo uzeeni: mbwa wa miaka minane au zaidi anaanza kuburuta kucha za nyuma, anayumba, mwisho miguu ya nyuma inakufa kabisa, bila maumivu. Jeni inayohusika iligunduliwa mwaka 2009, na leo inapimwa kwa kijiti cha pamba kinachopanguswa ndani ya shavu na kutumwa maabara. La tatu ni kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya vya kusagia chakula. Mbwa anakula kuliko wote, anazidi kukonda, na kinyesi chake ni kingi, laini na chenye mafuta. Hapa kwetu atapewa dawa ya minyoo mara tatu kabla mtu hajafikiria kongosho. Akigunduliwa anaweza kuishi vizuri kwa unga wa vimeng'enya, au kwa kongosho mbichi la ng'ombe kutoka machinjioni linalochanganywa kwenye chakula chake maisha yake yote.

Lile la uti wa mgongo ndilo linalonisumbua zaidi moyoni. Linakuja mbwa akiwa ameshazaa mara nyingi. Ukimwona dume wa miaka minne anaruka ukuta, hujaona chochote kuhusu miaka tisa. Kwa hiyo muuzaji aulizwe habari za babu na bibi: wako hai? walikufa na umri gani, na kwa nini? Anayezalisha kwa uangalifu atakujibu papo hapo. Ambaye hajui hata mama alitoka wapi, jibu lake umeshalipata.

Na cheti? Kwa ukanda wetu vyeti vingi vya ukoo hutokea East Africa Kennel Club ya Nairobi, na Mombasa ipo hapo tu ukivuka mpaka wa Horohoro, kwa hiyo Tanga mbwa wa vyeti tunawaona. Cheti cha kweli ni kitu kizuri. Lakini kinasema nani alimzaa nani, hakisemi kiungo cha nani kiko salama. Kisome hivi: tazama upande wa baba, kisha upande wa mama, utafute jina linalojirudia. Jina la babu likiwa pande zote mbili, hapo pana undugu. Mtoto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, au wa baba na binti yake, ana uwezekano wa 25% katika kila sehemu ya vinasaba vyake kubeba nakala mbili za jeni ile ile iliyotoka kwa mzee mmoja. Wa ndugu wa baba mmoja tu ni 12.5%, na wa watoto wa ndugu ni 6.25%.

Karatasi ya afya ni nyingine kabisa. Kwa nyonga, ni matokeo ya eksirei ya wazazi wote wawili. Marekani shirika la OFA, lililoanzishwa 1966, hutoa daraja la kudumu kwa mbwa aliyetimiza miezi 24. Nchi nyingi za Ulaya hutumia herufi, A ikiwa nyonga safi na E ikiwa mbovu kabisa. Kama mzazi hana daraja lolote la nje, basi angalau uoneshwe picha yake ya eksirei na umpelekee daktari wako aisome.

Shemeji aliomba hayo kwa mtu wa Dar. Aliomba video ya mama akitembea, akikaa na kuinuka. Akaletewa picha ya cheti kwa mara ya pili. Akaomba tena, akaambiwa mama "amesafiri." Na wiki sita, nilimwambia shemeji, ni mapema mno hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa. Mtoto akae na mama na ndugu zake hadi wiki nane, kwa sababu hapo ndipo anapofunzwa kuuma kwa kiasi, na kutoogopa kila kinachotikisika.

Chotara

Sahare tulimkuta mwenye mbwa mwenyewe, kijana mstaarabu, akatukaribisha uani. Watoto walikuwa sita, wanene, wanang'aa. Mama, lile Boerboel, alikuwa amelala kivulini chini ya mwarobaini. Tulipomkaribia aliinuka kwa hatua mbili: kwanza mbele, akatulia, akavuta pumzi, ndipo akainua nyuma. Nikamtazama shemeji, naye alikuwa ameshaona.

Kijana hakuficha. Ni uzao wake wa nne ndani ya miaka mitatu, alisema, na kwa nyonga hajawahi kupimwa, "ila hawa ni chotara, chotara hawaugui."

Imani hiyo imeenea sana, na ndani yake kuna ukweli wa nusu ambao unastahili kuelezwa vizuri. Familia nyingi za Tanga zinaijua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, basi tuanzie hapo. Ugonjwa wa namna ile unahitaji nakala mbili za jeni mbovu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja ni mzima, hakuna atakayemjua kwa macho. Wakikutana wabebaji wawili, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua, 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji kama wazazi, na 1 kati ya 4 ya kutoka bila kitu. Akikutana mbebaji na asiye nayo kabisa, hakuna mtoto atakayeugua. Ugonjwa wa uti wa mgongo niliousema hurithiwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukichanganya koo mbili zisizobeba jeni moja, uzao wa kwanza unalindwa kweli. Lakini wabebaji wanabaki humo ndani kimya, na chotara wawili ndugu wakipandishwa, kilichojificha kinaweza kutoka.

Nyonga haziendi hivyo. Zinaongozwa na jeni nyingi kwa pamoja, kila moja ikisukuma kidogo, kisha chakula, uzito na ukuaji vinaongeza vyao. Wazazi wenye nyonga nzuri wanaweza kupata mtoto mwenye nyonga mbovu, ila kwa nafasi ndogo zaidi. Na wazazi wawili wabovu hawawi wazuri kwa kuwa ni wa aina tofauti. German Shepherd anaandamwa na nyonga. Boerboel, kwa uzito wake, anaandamwa na nyonga na viwiko. Ukiwachanganya hao wawili umechanganya matatizo yale yale, na juu yake umeongeza kilo.

Chotara ninayempendekeza kwa moyo mmoja ni mwingine: German Shepherd mwenye nyonga zilizopimwa na jike la kienyeji lenye afya. Anapata mwili wa wastani, kilo hazimlemei, na akili ya kufundishika inabaki. Nimewaona wawili Mikanjuni, kazi yao ni safi. Ila tatizo ni kwamba watu hawawazalishi kwa kukusudia. Dume linatoroka usiku, watoto wanazaliwa, na hakuna anayeweza kukuambia habari za baba.

Wa kienyeji

Pongwe tulifika saa kumi alasiri, ng'ombe wanakamuliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Huyo ndiye mgeni anayetaka jike?"

Mama wa watoto alikuwa juu ya lundo la majani, mwekundu, masikio yamesimama nusu, kifua chembamba. Mzee akasema ana miaka tisa. Sikuamini mpaka alipopiga mluzi: yule mbwa aliruka gogo la mlango wa zizi bila hata kuligusa, akaja akasimama mbele yetu, akatunusa, akarudi. Mbwa wa miaka tisa! Simba akiwa na miaka minne alikuwa anahitaji kuinuliwa kiuno ili asimame asubuhi za masika.

Wengi wetu tunamdharau mbwa huyu, tunamwita koko, kana kwamba ni mabaki ya mbwa wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima vinasaba vya mbwa zaidi ya 300 wa vijijini katika nchi za Misri, Uganda na Namibia, ulionesha kinyume. Wengi wao ni wa asili ya Afrika hasa, na utofauti wa vinasaba vyao ni mkubwa. Huo utofauti ndio hazina. Mbwa aliyeishi vizazi kwa vizazi kwa mabaki ya ugali, akikimbizwa, akiumwa na kupe, yule aliyezaliwa na nyonga mbovu hakufika umri wa kuzaa. Ni mchujo mkali, hauna huruma, na nisingependa mnyama yeyote apitie maisha hayo. Lakini umeacha mwili ulio imara.

Hata hivyo asili ya Afrika peke yake haimkingi mbwa, na hapa nitoe kisa cha basenji. Ni mbwa wa misitu ya Kongo, mdogo, asiyebweka kama wengine, mkia umejikunja mgongoni. Miaka ya 1930 wachache walipelekwa Uingereza na Marekani, na kutoka kwa hao wachache wakazalishwa maelfu. Miongo michache baadaye ukaonekana ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi: figo zinavujisha sukari kwenye mkojo ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, mbwa anakunywa maji bila kukoma, anakonda. Na kama lile la uti wa mgongo, huu nao hujitokeza mara nyingi kati ya miaka minne na saba, wakati tayari ameacha watoto. Wafugaji wakawa wanapima mkojo wa mbwa wao kila mwezi kwa vile vipande vya karatasi vya wagonjwa wa kisukari. Wengine walifunga safari. Mwaka 1987 na 1988 walikwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakachukua mbwa wapya vijijini, na mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani likafunguliwa ili waingizwe. Kipimo cha jeni yenyewe kilipatikana mwaka 2011. Walirudi kwenye vijiji vile vile ambako mbwa huyo hakuwa na jina kubwa wala bei, kutafuta afya waliyoipoteza kwa kuzalisha ndani ya kundi dogo.

Hilo linaweza kutokea Pongwe pia. Dume moja lenye nguvu likitawala mtaa kwa miaka sita, litapanda mabinti zake. Ndiyo maana hata kwa mbwa wa mfuko wa pumba nilimuuliza mzee: baba ni nani?

"Mama yake huyu nilimtoa Muheza mwenyewe, kwenye kikapu," akasema. "Huyu hapa sikumwachia madume ya hapa, maana la hapa ni mwanawe. Nilimfungia ndani siku za joto la kutaka dume, nikampeleka Kiomoni kwa baiskeli." Akahesabu vidoleni vizazi vitatu, na mbwa gani alikufa kwa nini: mmoja kwa nyoka, mmoja kwa gari, mmoja kwa uzee. Hakuwa na karatasi hata moja, na alikuwa na kumbukumbu ambayo mtu wa Dar hakuwa nayo.

Upungufu wa mbwa huyu tuuseme pia. Mwili wake ni mdogo, haumtishi mwizi aliyedhamiria; kazi yake ni kukuamsha. Anazurura asipofungiwa. Ni mwoga kwa watu wageni kama hakushikwa na kuzoeshwa akiwa mdogo. Na watu wakishaamini kwamba ni sugu, hawamchanji wala hawamwogeshi dawa ya kupe, wakati ukanda huu wa pwani kupe wanaua mbwa wa kila aina.

Kuna wanaoniuliza pia mbwa wadogo wa pua fupi, wale wa kubeba. Kwa joto na unyevu wa Tanga nasema hapana, moja kwa moja. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na hao njia yenyewe ya pumzi imebanwa tangu tumboni. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010 ulionesha kwamba kwa bulldog zaidi ya mimba 8 katika 10 zilimalizikia kwa upasuaji. Mnyama asiyeweza kuzaa wala kupumua vizuri kwa sababu ya sura tuliyomchagulia, tusimwongeze.

Nani achukue yupi

Mwenye uzio mrefu Raskazone, mtu wa kumfundisha, na fedha ya chakula na daktari, achukue wa Kijerumani, kwa sharti la kuona eksirei za wazazi na kipimo cha uti wa mgongo. Atalipa zaidi na atasubiri, pengine mwaka. Asiyeweza kusubiri asimchukue, kwa sababu mtoto wa haraka ndiye Simba. Achague pia mwenye mgongo ulionyooka. Wale wa maonyesho wenye makalio yaliyoshuka wanatembea kama wanaotaka kukaa.

Mwenye uwanja wa wastani na watoto nyumbani, chotara wa kienyeji na Kijerumani anamfaa, akijulikana baba. Mwenye shamba, mifugo, au kipato cha kawaida, wa kienyeji. Kwetu pwani lipo pia jambo la twahara. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa kwetu ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa. Basi ajengewe banda lake lenye kivuli na hewa, mbali na mahali pa kuswalia, chombo chake kiwe chake. Hilo halimzuii mtu kumtendea mnyama kwa ihsani.

Yeyote utakayemchukua, nyonga alizozaliwa nazo unaweza kuzisaidia au kuziharibu mwenyewe. Kosa la watu wa ng'ombe kama sisi ni kumwekea mtoto wa mbwa mkubwa yale madini ya mifugo ili "mifupa ikomae." Kalisi ikizidi inaharibu ukuaji wa mifupa yake. Na usimnenepeshe. Marekani walifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, nusu wakipewa chakula pungufu kwa 25%. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionesha waliopunguziwa waliishi takriban miaka 13 dhidi ya 11.2 ya wenzao, na nyonga zao zilichelewa kuchakaa. Utafiti mwingine wa Norway ulionesha kwamba watoto wa mbwa waliokuwa wakipanda ngazi kabla ya miezi mitatu walikuwa katika hatari zaidi ya nyonga, na waliocheza huru kwenye ardhi laini hatari ilipungua. Simba wangu alipanda ngazi za barazani tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nampigia makofi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, na irudiwe kama daktari anavyoelekeza. Hilo halina wa Kijerumani wala wa kienyeji.

Na ukitaka kumzalisha wako

Swali hili lilikuja tukiwa njiani kurudi, kwenye daladala. Shemeji akasema akipata jike zuri atauza watoto arudishe gharama.

Nilimwambia asubiri atimize miaka miwili, kwa sababu kabla ya hapo nyonga hazijasema ukweli wake wote, wala tabia. Dume lenye kende moja ambayo haijashuka lisipandishwe, linarithisha. Mwenye kifafa asipandishwe. Anayeuma watu kwa woga asipandishwe hata awe mzuri namna gani, maana woga nao unashuka kwa watoto. Mimba ni siku 63 hivi, kunyonyesha ni miezi mingine miwili, na jike anayepandishwa kila joto linapokuja anachakaa kama yule mama wa Sahare. Chama cha mbwa cha Uingereza hakiandikishi zaidi ya uzao wa nne wa jike mmoja maishani; kijana wa Sahare alishafika hapo kwa miaka mitatu.

Na asiuze kisha akazima simu. Mtoto akionekana na tatizo akiwa na mwaka, mzalishaji anatakiwa ajue, ili mama yake asipandishwe tena na dume lile. Laiti yule aliyeniuzia Simba angeliandika habari yangu mahali fulani. Wenzake Simba wa tumbo moja walikuwa saba. Kuna watu saba mahali fulani wanaokanda miguu kwa mafuta ya nazi.

Shemeji alimchukua yule mtoto jike wa Pongwe wiki mbili baadaye, alipotimiza wiki nane. Mzee alimkabidhi kwa mikono miwili, akakataa pumba mpaka aone banda. Ikabidi tumpeleke kwanza Chumbageni akalione. Akalizunguka, akashika bati kuona lina joto kiasi gani, akasema liongezwe makuti juu. Jioni shemeji alitoa daftari lake la matumizi ya nyumbani, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe ya kuzaliwa, kisha mama: mwekundu wa Pongwe, miaka 9, bibi alitoka Muheza. Kwenye mstari wa baba akasita, akampigia mzee simu, akaandika: dume la Kiomoni, miaka 6, bado hai, anakimbia vizuri.